Négritude maana yake nini? Ni matusi ao hapana?

Juzi mutoto wa yaya yangu alitoka masomo na kaye ya franse mukononi, ananiuliza, mama mudogo, négritude ni matusi? Juu mwalimu aliandika ile neno ku tablo, bana ba kalasi bakacheka, bo balisikia paka "nègre" ndani. Nikamuambia umeuliza vizuri, matusi iko mule kweli, na bayiweka kusudi.

Muangalie vile neno inajengwa. Sisi tunasema mutoto, utoto, mutu, utu, ile u- ya mbele njo inaleta hali ya kuwa kile kitu. Franse yo inaweka -itude ku nyuma. Basi négritude ni hali ya kuwa nègre. Sasa ku Ufaransa ya ile wakati, neno ya heshima ilikuwa "noir", nègre njo ilikuwa neno ya kumukanyaga mutu, neno ya biashara ya batumwa, na Aimé Césaire, mushairi wa Martinique, kisiwa moja ya Antilles karibu na Amerika, akaacha ile ya heshima akakamata ile ya matusi: munaniita hivi? sawa, njo miye, na sina haya.

Ile neno, na kundi ya baandishi baweusi yenye kuibeba, ilianzia Paris. Césaire alikutana na Léopold Sédar Senghor wa Senegal mu 1931 ku lise Louis-le-Grand, Léon-Gontran Damas wa Guyane naye akaingia, na mu 1935 neno ikatoka mu gazeti ya banafunzi, L'Étudiant noir. Lakini mbele yabo kulikuwa ba dada Nardal, Paulette na Jane, bo pia ba Martinique, siku ya Mungu balikuwa banakaribisha baweusi ba Amerika, ba Antilles na ba Afrika mu nyumba yabo ya Clamart, karibu na Paris, chai inapita, watu banazungumuza mambo ya rangi yabo bila woga, na Paulette alisaidia kuanzisha gazeti La Revue du monde noir mu 1931. Inaniuma sana vile bitabu mingi binabaruka.

Senghor alikuya kuwa prezida wa Senegal, 1960 mupaka 1980. Kuna fasi alisema akili ni ya Bagiriki na hisia ni ya mweusi, ile mi sikubali hata kidogo, inafanana sana na maneno ya bakoloni benyewe. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, naye aliibishia négritude, eti chui milia hatangazi uchui wake, anaruka tu. Minamuelewa, lakini mutu mwenye kufundishwa toka utoto kama ye si kitu, lazima aanze na kusema jina yake kwa sauti.

Na hapa kwetu Lubumbashi inatugusa kabisa. Mu 1966 Césaire alitoa Une saison au Congo, teatre yenye kuhusu Patrice Lumumba, waziri mukubwa wa kwanza wa Congo, ule baliua tarehe 17 januari 1961 ku Shilatembo, hapa hapa karibu. Martinique na Katanga, bahari nzima iko katikati, na bado alimuandika sawa ndugu yake wa tumbo. Mutoto aliposikia vile akafunga kaye, akaniuliza tunaweza kuenda kuona Shilatembo lini.