Simu haitambui tuni ya fidla, inatambua rekodi

Wengi huamini kwamba ukiisogeza simu kwenye spika, programu itakutajia jina la tuni yoyote ya fidla ya Ayalandi au Uskoti. Sivyo. Programu ya Shazam hulinganisha alama za sauti za rekodi zilizomo kwenye hazina yake. Mzee aliyerekodiwa jikoni kwake hamo humo, hata kama anapiga tuni inayojulikana na kila mtu.

Ili uitambue tuni mwenyewe, anza na mguu wako. Ukigonga sakafu ukahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, huenda ni jigi, aina moja ya tuni za dansi. Ikienda kwa nne za haraka, huenda ni rili, aina nyingine. Sikiliza pia tuni inapobadilika, maana wapigaji huunganisha tuni mbili tatu bila kupumzika. Kisha andika noti za mwanzo, uzitafute kwenye makusanyo ya tuni yaliyochapishwa. La Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, lilitoka 1903 likiwa na tuni 1,850!

Jina lenyewe lisikuhangaishe sana: tuni moja hubeba majina kadhaa, na jina moja hupewa tuni tofauti. Na ukikuta "Gan Ainm" kwenye jalada la albamu, bado hujalipata. Ni Kiayalandi, maana yake "bila jina".