Kabla ya tindo kugusa ukuta: dhana potofu na ukweli kuhusu sumu za majengo ya zamani

Sumu nyingi zilizomo katika jengo kuukuu hulala miaka na miaka bila kumdhuru mtu, kisha siku moja huamshwa na tindo, msasa au grainda. Ndiyo maana imani zisizo sahihi kuhusu vitu hivi huponza zaidi siku ya kwanza ya ukarabati. Zifuatazo ndizo zinazosikika mara nyingi kwa wenye nyumba na hata kwa mafundi.

“Asbesto ni yale mabati ya kijivu ya paani, basi.”

Mabati ya saruji ndiyo yanayojulikana, lakini asbesto ni madini ya nyuzi laini zinazodhuru zikivutwa, na mabati haya ni miongoni mwa bidhaa zake zenye nyuzi kidogo: kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, tena zimeshikwa ndani ya saruji. Penye hatari kubwa zaidi ni pale pasipotazamwa. Kuna vazi linalofungwa kwenye mabomba ya maji moto na boila, kinga ya moto iliyopulizwa juu ya nguzo za chuma, na bodi laini za asbesto za kuzuia joto katika kuta za kugawia vyumba na ndani ya milango ya kuzuia moto. Vitu hivi vinaweza kuwa na nyuzi mara kadhaa zaidi ya saruji, na baadhi yake hupukutika kwa mkono.

Kisha kuna vilivyojificha kabisa: vigae vya vinyili vya sakafuni, gundi nyeusi ya lami iliyo chini yake, kamba za kuzibia milango ya boila, rangi nzito ya dari yenye mikwaruzo ya mapambo, na vikinga vya moto ndani ya masanduku ya fyuzi. Ukitaka kipimo cha haraka cha hatari, uliza jambo moja: je, kitu hiki kinavunjika kirahisi kiasi gani? Kadiri kinavyopukutika, ndivyo kinavyotoa nyuzi.

“Asbesto nyeupe haina neno.”

Kuna madini sita yanayoitwa asbesto, na yote yameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa yanasababisha saratani kwa binadamu. Ya bluu na ya kahawia ni makali zaidi katika kuleta mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, lakini nyeupe haijasamehewa. Uingereza ilipiga marufuku ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Huenda pengo hilo la miaka 14 limechangia kuilea dhana hii. Ugonjwa wenyewe hauna haraka: mesotelioma huchukua miaka 20 hadi 50 tangu mtu avute nyuzi, kwa hiyo fundi anayesema “nimezikata miaka kumi na sijaumwa” hajathibitisha chochote.

Isitoshe, rangi ya nyuzi haisaidii zikishachanganywa na saruji, plasta au lami.

“Fundi mzoefu anaitambua kwa macho.”

Anaweza kuishuku, na kushuku ni jambo jema. Kuithibitisha ni kazi ya hadubini maabara. Sampuli ni bora ichukuliwe na mtu aliyefunzwa, na mwenye jengo anafaa kujua kazi hiyo inavyofanywa ili asidanganywe.

Kwanza watu wote hutoka chumbani, feni na viyoyozi huzimwa, na karatasi ya nailoni hutandikwa chini. Mchukuaji huvaa kipumulio cha daraja la FFP3 au P100 (madaraja ya juu ya kuchuja vumbi), glavu na ovaroli ya kutupwa. Sehemu ya kukatwa hunyunyiziwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa sababu maji matupu huteleza juu bila kupenya. Kipande cha sentimita mbili au tatu kinatosha, mradi kipite tabaka zote hadi mwisho. Huwekwa katika mfuko unaofungika, mfuko huo ndani ya mwingine, na huandikwa mahali kilipotoka na tarehe. Tundu lililobaki huzibwa kwa tepu au plasta, na eneo hupanguswa kwa kitambaa kibichi ambacho nacho huingia kwenye mfuko wa taka.

Kosa kubwa ni kuchukua sampuli moja na kuridhika. Plasta na kinga za moto mara nyingi zilichanganywa palepale kazini, fungu baada ya fungu, kwa hiyo nyuzi hazikusambaa sawasawa. Kanuni za Marekani kwa majengo ya shule hutaka, kwa vitu vilivyopakwa au kupulizwa, sampuli 3 kwa eneo lisilofika mita za mraba 93 hivi, 5 hadi mita 465, na 7 kwa eneo kubwa zaidi. Na kila tabaka lipimwe peke yake. Kigae kinaweza kuwa safi huku gundi iliyo chini yake ikiwa imejaa nyuzi.

“Ikipatikana, lazima ing'olewe yote.”

La. Bati zima lisilopasuka, ambalo kazi haitaligusa, mara nyingi ni salama zaidi likiachwa palepale, likafunikwa au kupakwa kizibaji, likaandikwa katika daftari la jengo pamoja na picha, hali yake na tarehe ya ukaguzi unaofuata. Kuling'oa bila sababu ni kutengeneza vumbi ambalo halikuwapo. Mambo hubadilika ikiwa ramani ya ukarabati inapitia hapo: kama mafundi watatoboa, watakata au watabomoa, asbesto hutangulia kutoka, kisha wao ndio waingie.

“Maji na barakoa vinatosha.”

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Hata kipumulio kizuri hakifai kitu juu ya ndevu, kwa kuwa hewa hupita pembeni. Maji husaidia yakinyunyizwa polepole. Mashine ya kuosha kwa presha hukwangua saruji na kutawanya nyuzi hadi kwa jirani. Ufagio mkavu ni marufuku. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, maana nyuzi hupenya mfuko wake na kurushwa upya hewani. Inayotakiwa ni ile iliyotengenezwa kwa vumbi hatari, yenye chujio la HEPA linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3.

Bati la saruji hufunguliwa bolti zake na kuteremshwa likiwa zima. Halirushwi chini, halikatwi kwa grainda. Vipande hufungwa katika nailoni nene ya milimita 0.15, mara mbili, na kuwekwa alama. Ovaroli huvuliwa palepale eneo la kazi ikiwa imelowa, kipumulio kikiwa cha mwisho kutoka usoni. Nguo za kazi hazipelekwi nyumbani: wake wa wafanyakazi wameugua kwa kuzifua tu.

Vazi la mabomba, kinga za kupuliza na bodi laini si kazi ya kujaribu. Hizo ni za wakandarasi wenye leseni wanaofunga chumba kwa nailoni na kufyonza hewa ili shinikizo la ndani liwe dogo kuliko la nje. Mwishoni hewa hupimwa, na mpimaji asiwe yule yule aliyeondoa. Mtu hasahihishi mtihani wake mwenyewe.

“Rangi ya risasi huwadhuru watoto walao maganda tu.”

Risasi ni metali yenye sumu iliyotiwa katika rangi nyingi za zamani, na maganda yake ni sehemu ndogo ya tatizo. Njia kuu ni vumbi laini lisiloonekana, linalotua sakafuni na kwenye vizingiti vya madirisha, kisha likapita mikononi hadi mdomoni. Dirisha linalosuguana na fremu yake huisaga rangi kuwa vumbi kila linapofunguliwa. Fundi anayepiga msasa mkavu hulivuta moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Umri wa jengo nao usikulaghai. Marekani ilizuia rangi hizi majumbani mwaka 1978, lakini zipo nchi ambako bado zinauzwa. Mashaka yaanze na praima nyekundu ya chuma, manjano kali, na rangi nyeupe ya mafuta ya milango na madirisha. Vijiti vya kupimia vya dukani husoma kile vinachogusa tu, hivyo kata mkato wa mshazari hadi mbao au chuma kionekane, uguse tabaka zote. Majibu ya maabara ndiyo ya kuaminika zaidi.

“Choma rangi kwa moto, inatoka haraka.”

Inatoka, na risasi inageuka moshi. Kanuni za ukarabati za Marekani hukataza moto wa wazi, na pia vipulizia joto vinavyofikia nyuzi joto 593 za Selsiasi au zaidi. Badala yake, lowesha na ukwangue kwa mkono, tumia msasa wa maji, au ng'oa mlango mzima na kuupeleka ukasafishwe kwingine. Ndani, nailoni itandikwe angalau mita 1.8 kutoka eneo la kazi pande zote. Nje, mita 3. Usafi hufuata mpangilio: mashine ya HEPA, kitambaa kibichi, kisha mashine ya HEPA tena. Hakuna kula wala kuvuta sigara eneo la kazi.

Kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani kunafaa kwa ukuta mzima usiobambuka. Kwenye dirisha linalosuguana hakudumu.

“Vitu vya umeme havihusiki.”

Fungua taa ya tyubu iliyofungwa kabla ya 1980 utazame choki yake. Kapasita za zamani huweza kuwa na PCB, mafuta yenye sumu yaliyotengenezwa tangu 1929 na kusimamishwa Marekani mwaka 1979. Zikivuja huacha uchafu mweusi unaonata kama lami. Usiuguse bila glavu za nitrili. PCB iliwekwa pia katika mpira wa kuzibia maungio ya majengo ya zege, hasa ya miaka ya 1950 hadi 1970, na zege la jirani huinyonya, hivyo kukata mpira peke yake hakumalizi kazi. Taka hizi hazichomwi: moto huzigeuza dioksini na furani, ambazo ni sumu kali.

Tyubu zenyewe zina zebaki ya miligramu chache. Ikivunjika, fungua madirisha, toka kwa dakika 10, kisha okota kwa karatasi ngumu na tepu. Usifagie wala usifyonze. Thamostati (kidhibiti joto) ya zamani yenye kichupa cha kioo ni jambo zito zaidi, maana humo mna gramu 3 hivi.

“Mbao za paa ni kuni nzuri.”

Zile zenye rangi ya kijani, hata iliyofifia, huenda zilitiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Ukizichoma, aseniki hubaki katika majivu na nyingine hupanda na moshi.

“Jengo lilishakaguliwa, ripoti ipo.”

Uliza ni ukaguzi wa aina gani. Ukaguzi wa kawaida hutazama vinavyoonekana tu. Wa kabla ya ukarabati hufungua dari, huinua sakafu na kutoboa kuta palepale kazi itakapopita, na hufanyika kabla ya kukubaliana bei na mkandarasi. Soma pia orodha ya sehemu ambazo hazikufikiwa: hizo zihesabiwe kuwa zina asbesto hadi zipimwe. Na kama katikati ya kazi kunatokea bodi au vazi la bomba lisilo katika ripoti, zana zinawekwa chini, watu wanatoka, mlango unafungwa, na sampuli inatangulia.