Dakika 10 za Kila Jioni Hazifiki Kwenye Mizizi

Kila joto linapoanza kupanda huletewa hoja ile ile, na safari hii imeletwa na mtu ambaye alikuwa amekwisha kuamua na alitaka tu nimuunge mkono: mimea ya jangwani imezoea maji kidogo, kwa hiyo ipewe kidogo kila siku, dakika 10 jioni, na jua likizidi ziongezwe ziwe 15. Naandika jibu langu hapa mara moja, kwa urefu, ili msimu ujao nisilirudie kwa simu.

Mmea wa jangwani katika makazi yake ya asili hupata maji mengi mara chache. Mvua hushuka, huzama, kisha hufuata wiki au miezi ya ukame ambayo mmea huipitisha kwa unyevu uliobaki chini. Kwa hiyo kinachotakiwa kubadilika bustanini kufuatana na msimu ni idadi ya siku kati ya umwagiliaji mmoja na unaofuata, ilhali kina ambacho maji yanapaswa kufika hubaki pale pale mwaka mzima. Kwa miti ni takriban sentimita 90, kwa vichaka 60, na kwa dungusi, mishubiri na mimea inayotambaa 30. Mti uliokwisha kushika ardhi unaweza kusubiri wiki moja hadi tatu wakati wa joto kali, na wakati wa baridi ukasubiri mwezi mmoja au hata miwili. Nakiri kwamba tarakimu hizo za kina zina unadhifu unaotia shaka. Ni makubaliano ya watu wa kazi hii, na udongo wako haukuhudhuria kikao. Zichukue kama mahali pa kuanzia.

Tufanye hesabu ya hizo dakika 10. Tundu la dripu, yaani bomba linalodondosha maji tone kwa tone, likitoa lita 4 kwa saa litatoa kama theluthi mbili za lita. Matundu matatu yatatoa lita 2. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mimea huchukulia sentimita 10 hadi 15 za juu kuwa ndilo tabaka ambalo hewa hulikausha moja kwa moja, na hapo ndipo sehemu kubwa ya lita zako 2 huishia. Zile zile lita 14 za wiki nzima zikimwagwa kwa mkupuo mmoja, tabaka hilo hulipwa ushuru wake mara moja badala ya mara saba, na kinachobaki hushuka. Kwa hiyo anayeongeza dakika tano wakati wa joto na kuzipunguza wakati wa baridi anarekebisha dakika, na kuacha idadi ya siku kati ya umwagiliaji, ndiyo inayotakiwa kubadilika, kama ilivyo.

Asiyekubali achukue nondo nyembamba na aichomeke ardhini siku moja baada ya kumwagilia, kwa mikono, bila nyundo. Itazama kwa ulaini mahali palipolowa, kisha itaanza kukataa polepole inapofika udongo mkavu. Weka kidole usawa wa ardhi, ichomoe, pima. Ikisimama ghafla na kugonga, umefika kwenye jiwe au kwenye lile tabaka gumu la chokaa linalojijenga chini ya udongo wa nchi kavu. Sogea shubiri moja ya mkono ujaribu tena. Kama kila mahali inagonga kwenye kina kile kile, hilo ni tabaka, na litazuia maji kushuka na mizizi kupenya, kwa hiyo litobolewe au mti upandwe kwingine.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kweli, nalo ni chumvi. Maji ya kisima katika nchi kavu kubeba gramu 1 ya chumvi kwa kila lita si jambo geni. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi, jua nalo hukausha maji na kuiacha chumvi. Lita 14 kwa wiki ni gramu 14, na kwa mwaka ni karibu robo tatu ya kilo, yote ikiwa imekaa ndani ya udongo unaoweza kuukumbatia kwa mikono miwili, kwa sababu maji hayakuwahi kuwa mengi kiasi cha kuisukuma nje ya eneo la mizizi. Utaiona kama duara jeupe kuzunguka tundu la dripu, na majani yatakauka kwenye ncha na kingo yakiwa bado ya kijani katikati. Mwenye bustani huona ukavu huo, husema mti una kiu, huongeza dakika tano, na hivyo huongeza chumvi. Kila mara wa kushutumiwa ni mti, eti ni aina dhaifu.

Dawa yake ni umwagiliaji mmoja mrefu mara kwa mara, unaopita kina cha kawaida ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Jasi inayopendekezwa na kila jirani hufaa pale sodiamu ilipougandisha udongo, na hata hapo haifanyi lolote bila maji ya kuisukuma. Kisha lipo jambo ambalo wengi hudhani ninawatania ninapowaeleza: manyunyu mepesi yanaponyesha baada ya kiangazi kirefu, usizime dripu. Mvua ya namna hiyo huiyeyusha chumvi iliyojikusanya pembezoni na kuirudisha kwenye mizizi, lakini haina nguvu ya kuipeleka mbali zaidi.

Kunyauka mchana si ushahidi wa kiu, kwani majani hulegea jua likiwa kali hata udongo ukiwa na unyevu, na mizizi iliyozama kwenye maji hunyausha majani vilevile. Utazame mmea alfajiri. Kama bado umelegea, chomeka nondo kabla ya kufungua bomba.

Matundu ya dripu nayo husahaulika pale yalipowekwa siku ya kupanda, kwenye shina. Mti ukikua, mizizi inayonyonya huwa chini ya ukingo wa matawi na nje yake, hivyo matundu yasogezwe huko na kuongezwa. Hapo huambiwa kwamba mizizi hujitafutia maji yenyewe, na hutajiwa mizizi ya mti wa jamii ya mathenge iliyokutwa kwenye kina cha mita 53 hivi katika mgodi karibu na Tucson, Marekani. Ni kweli, lakini mti huo ulifuata maji yaliyokuwa chini. Wako unayafuata yaliyo juu, na upepo wa kwanza wa dhoruba utauonyesha ulikoegemea.

Msimu wa baridi dungusi nyingi hupumzika na waridi la jangwani hupukutisha majani. Kuzimwagilia wakati huo ni kukaribisha uozo. Mishubiri mingi hufanya kinyume, hukua kukiwa na ubaridi na kulala joto likipanda. Matawi yaliyounguzwa na jalidi yaachwe hadi chipukizi zionekane, na upogoaji mzito usifanywe wakati wa jua kali, maana gome lililozoea kivuli huungua. Mbolea iwe kidogo au isiwepo. Kuhusu changarawe kama matandazo bado nina mashaka, kwa sababu hupunguza uvukizi lakini hurudisha joto kwenye majani ya chini, na vitabu husifu upande mmoja tu.

Mche uliotoka kwenye kiriba ndio pekee wenye haki ya kupewa maji karibu kila siku. Mizizi yake yote bado imo ndani ya donge lile dogo, ambalo hukauka haraka hata udongo unaolizunguka ukiwa umelowa, kwa hiyo maji yamwagwe juu ya donge lenyewe kwa wiki mbili za mwanzo ikiwa ni msimu wa joto. Kisha siku ziachanishwe, kwanza mbili, baadaye nne, baadaye wiki, na matundu yasogezwe nje kidogo kidogo hadi mwaka wa pili au wa tatu, na kila hatua ithibitishwe kwa nondo.