Sigara tatu juu ya kabati

Fundi seremala mmoja, mtu wa miaka 50 na ushei, alikuja kliniki akaniambia safari hii anaacha sigara moja kwa moja. Alianza kuvuta akiwa na miaka 17. Nikamuuliza nyumbani zimebaki ngapi. Akanyamaza kidogo.

"Ziko tatu, daktari. Juu ya kabati. Hizo za dharura tu."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hizo tatu ndizo zitakazokurudisha."

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kifua, na wavutaji wengi ninaokaa nao huamini kwamba wanapambana na nikotini peke yake. Nikotini ina nguvu, sikatai. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na baada ya kama saa 2 nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana mkono unarudi mfukoni tena na tena.

Lakini tazama Ramadhani. Fundi huyu hufunga. Tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13, havuti, na mchana kutwa anapiga randa bila kugombana na nafsi yake. Arosto inampanda kwenye saa 12 jioni, adhana ikikaribia. Mwezi wa Idi ukiandama, mtu yuleyule anasema hawezi kumaliza saa 2 bila sigara. Mwili ni uleule. Mchana wa Ramadhani mlango umefungwa, hakuna cha kujadili.

Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, kwenye safari fupi na ndefu. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua. Waliokuwa wanakaribia kutua walisumbuka kuliko wale ambao muda huohuo bado walikuwa na safari ndefu mbele, ingawa wote walikuwa wamekaa bila sigara kwa muda sawa.

Kwa hiyo kujiandaa kiakili, kwangu mimi, ni kufunga milango kabla siku haijafika. Chagua siku, isizidi wiki 2 mbele. Fundi alichagua Jumamosi. Ijumaa usiku alizikatakata zile tatu akazimwagia maji mbele ya mkewe. Kisha akaenda kwa Mangi, pale kibiriti kinaponing'inia kwa kamba, anaponunua moja moja kila siku, akamwambia: "Kuanzia kesho usiniuzie, hata nikikubembeleza." Kijiweni nilimkataza kusema "najaribu kuacha". Neno hilo ni mlango ulioegeshwa, na atakayekuja kuusukuma ni rafiki yako mwenyewe, kwa nia njema, na pakiti mkononi. Sema "sivuti".

Upande wa mwili, naanza na kahawa, kwa sababu inawaponza wengi bila wao kujua. Moshi wa sigara unalifanya ini lisafishe kafeini, kile kichangamshi kilicho kwenye kahawa, haraka kuliko kawaida. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vilevile vinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji. Mtu anadhani ni arosto imemzidi, anawasha sigara. Fundi alikuwa anakunywa vikombe 6 vya kahawa chungu kwa siku. Nilimwomba abaki na 3 tangu siku ya kwanza. Na kama unatumia aminofilini kwa ajili ya pumu, mwone daktari kabla hujaacha, maana nayo inasafishwa kwa njia hiyohiyo na kipimo chako huenda kikahitaji kupunguzwa.

Swali langu jingine: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, mwili umezoea sana na msaada wa dawa unafaa. Bandiko na gamu za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ingawa huku kwetu si kila duka la dawa linazo. Kwa mtu kama huyo gamu ni ya miligramu 4. Haitafunwi kama bigijii. Tafuna polepole mpaka mdomo uwashewashe, halafu ibane kati ya shavu na fizi itulie. Soda au kahawa ndani ya dakika 15 kabla yake huzuia nikotini kufyonzwa, na hapo ndipo wengi husema dawa haifanyi kazi.

Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Hamu inakuja kama wimbi, inakaa dakika chache, inapita. Wiki 2 hadi 4, mawimbi yanapungua. Choo kinaweza kuwa kigumu. Maji, mapapai na mboga za majani vinasaidia.

Wiki ya tatu fundi alirudi na malalamiko: anakohoa kuliko alipokuwa anavuta. Nilimweleza kwamba vinyweleo vya njia ya hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vimeanza kufagia tena. Hata hivyo nilimpima makohozi, kwa kuwa wavutaji wako kwenye hatari zaidi ya TB na kikohozi cha zaidi ya wiki 2 sikiachi kipite. Majibu yalitoka hana. Juu ya kabati, aliniambia, sasa kuna mfuko wa karanga.