Ukiwa angani, stetoskopu haisemi kitu

Tulikuwa juu ya Atlantiki, saa tano tangu tuondoke Marekani, wahudumu walipotangaza kwamba wanamtafuta daktari. Mimi ni daktari wa dharura, lakini nakiri nilingoja kidogo nione kama atasimama mwingine. Akasimama daktari wa ngozi. Tukatazamana, nikaenda.

Mzee alikuwa amelala sakafuni karibu na choo, jasho linamtoka, midomo imepauka. Mkewe akaniuliza, "Amekufa, daktari?"

"Hajafa, mama. Anapumua."

Habari zake zilinitosha nusu ya kazi: alimeza dawa za presha, hakugusa chakula, akalala kwa saa kadhaa, kisha akainuka ghafla kwenda msalani. Hewa nayo ilichangia. Ndege inaporuka mita 11,000, hewa ya ndani hubanwa ifanane na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Yaani abiria wa Mombasa anakaa Limuru usiku kucha, tena bila kunyoosha miguu. Kijana mzima hahisi kitu. Mwenye moyo au mapafu dhaifu anahisi.

Ndiyo maana sikukimbilia kudhani ni moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine ulipitia dharura 11,920 za angani, na zaidi ya theluthi moja zilikuwa za kuzimia au kukaribia kuzimia.

Nikamwinua miguu juu ya begi, akawekewa oksijeni ya mtungi. Stetoskopu niliiweka kando, kwa sababu injini zinavuma na husikii lolote. Presha nilipima kwa vidole: unajaza mkanda hadi mapigo ya kifundo cha mkono yapotee, unaachia hewa taratibu, na pale yanaporudi ndiyo namba ya juu. Ilikuwa 80, yaani presha imeshuka mno. (Wanafunzi wangu hukidharau kipimo hiki, hadi siku mashine inapozima.)

Wengi hudhani daktari abiria ndiye anayeamua ndege ishuke. Siye. Nilisema niliyoyaona, rubani akaunganishwa kwa simu ya setilaiti na daktari aliye ardhini, anayefanya kazi hii kila siku na anajua kiwanja kipi kina hospitali ya maana karibu. Uamuzi ni wa kapteni, naye anapima pia uzito wa mafuta, hali ya hewa na urefu wa njia ya kutua. Katika utafiti ule, takriban 7 tu kati ya 100 ndizo zilizobadilishiwa njia. Mimi ningeomba tushuke kama fahamu zisingerudi, au kama kifua kingeendelea kumbana, au kama mkono mmoja ungelegea na maneno kuparaganyika. Moyo ukisimama, daktari hangojwi: wahudumu wamefundishwa kukandamiza kifua, na ndege nyingi za safari ndefu zina mashine ya kushtua moyo.

Baada ya robo saa na glasi mbili za juisi, namba ya juu ilifika 110, na mzee akaanza kulalamika kwamba chai imepoa. Mkewe akaniuliza kama ampe dawa za jioni. Nikamwambia angoje, ila anionyeshe kwanza ni dawa gani.

"Ziko kwenye sanduku kubwa," akasema. Lile la chini ya ndege.