Kiko kikianza kukoroma: maji yanatoka wapi, na uyafanyeje

Nachonga na kukarabati viko hapa Mwanza, na karibu kila anayeanza kujifunza huja mezani kwangu na lalamiko lilelile. Tumbaku ikifika nusu, kiko kinakoroma, halafu tone chungu linamfikia ulimini. Wengi wanakuja wakiwa wameshajipa jibu: "Fundi, nafikiri natema mate ndani bila kujua." Mate yanachangia, sikatai. Lakini maji mengi hayatoki kinywani, na anayepambana na mate peke yake atahangaika muda mrefu bila nafuu.

Maji mengi yanazaliwa na moto wenyewe. Jani la tumbaku lina kaboni, hidrojeni na oksijeni. Likiungua, hidrojeni yake inaungana na oksijeni na kuwa maji. Chukua selulosi, ile nyuzi inayolipa jani umbo lake: gramu 1 iliyo kavu kabisa, ikiungua yote, hutoa zaidi ya nusu gramu ya maji. Bori, yaani kibakuli cha kutilia tumbaku, la kiko cha kawaida linabeba kama gramu 2 au 3 za tumbaku. Ndani ya bori si kila kitu kinaungua kikamilifu, kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo neno kwa neno, ila ujumbe wake uko wazi: hata tumbaku iliyokauka kabisa itatoa maji. Juu ya hapo weka unyevu ambao jani linao tayari. Tumbaku ya kopo mara nyingi ina maji ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na zile za manukato, za vanila au cheri, hushikilia zaidi kwa sababu hutiwa propilini glaikoli, kimiminika kinachozuia maji yasiondoke.

Maji hayo hutoka motoni yakiwa mvuke. Yakiingia kwenye tundu jembamba la shingo ya kiko, yanakutana na mti na shilamu, ule mrija wa kuvutia, vilivyo baridi kuliko moshi, na hapo yanageuka matone. Matone yakijikusanya mpaka yakaziba nusu ya njia, hewa unayovuta inapita katikati yake. Ndiyo sauti unayoisikia.

Kwa wazee wa pwani sauti hiyo haikuwa kasoro. Kiko chao kilikuwa kifuu cha nazi chenye maji ndani, bori juu, digali, mrija wa kutoka kwenye bori, likishuka majini, na shilamu ya kuvutia. Kililia kwa sababu kilitengenezwa kilie. Kiko cha mti tunachotumia leo hakina chumba cha maji, na maji yakishaingia shingoni hayana pa kwenda ila kwenye ulimi wako.

Kwa hiyo kazi kubwa unaifanya kabla hujawasha kiberiti, na kazi hiyo ni kukausha tumbaku. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu, ningemfundisha hili. Itoe kwenye kopo, itandaze juu ya karatasi, iache. Kiangazi chetu, tuseme Juni hadi Septemba, upepo mkavu unafanya kazi hiyo haraka, na tumbaku iliyokatwa nyembamba huweza kuwa tayari kwa robo saa. Masika ni habari nyingine. Hewa ya ziwani inakuwa imejaa, karatasi yenyewe inalegea, na saa nzima inaweza isitoshe. Usiangalie saa, tumia vidole. Bana kiasi kidogo, kisha achia. Ikibaki donge, bado. Ikifunguka yenyewe polepole, na nyuzi zinapinda bila kukatika, jaza kiko. Ikisagika kuwa unga umepitiliza, na hapo moshi utakuwa mkali na moto utakimbia. Wakulima wa tumbaku ya mvuke kule Kahama na Urambo wanaujua mpaka huu vizuri: jani likitoka kwenye bani, lile banda la kukaushia kwa joto, limekauka mno kiasi cha kuvunjika likiguswa, hivyo huachwa livute unyevu kidogo ndipo lishikwe na kupangwa madaraja.

Zile za manukato zina shida yake. Glaikoli inazifanya zihisike mbichi hata zikiwa zimekauka vya kutosha, kwa hiyo ukizisubiri ziwe kavu vidoleni utasubiri sana. Mwanafunzi namshauri aziache kwa sasa, hata kama harufu yake ndiyo iliyomvuta. Aanze na tumbaku ya barlei isiyo na manukato mengi. Haina sukari nyingi kama ya Virginia, na haimuadhibu haraka anayevuta kwa pupa.

Pupa ndiyo sababu ya pili. Aliyezoea sigara huvuta kiko kwa nguvu ya sigara. Moto unapanda, tumbaku inatoa mvuke mwingi kwa mkupuo mmoja, shingo inashindwa kuupitisha, na mvuke ule ule unaunguza ulimi. Vuta kidogo kidogo, kama vile hutaki kiko kijue, na uuache moshi uishie kinywani bila kuushusha mapafuni. Kikizimika, washa tena; kuzimika si aibu, na wavutaji wa miaka mingi huwasha mara kadhaa kwa bori moja. Ujazaji nao una mkono wake hapa. Ukishindilia mno lazima uvute kwa nguvu, na ukivuta kwa nguvu umerudi kulekule. Kabla ya kuwasha vuta hewa tupu: ikipita bila kukulazimisha kubana mashavu, umejaza vizuri.

Upepo pia. Napenda sana kukaa kwenye miamba ya Capripoint jioni, lakini kiko hakipendi. Upepo wa ziwa unapuliza bori kutoka juu na kuchochea moto bila wewe kuvuta. Uupe mgongo, au subiri ufike nyumbani.

Hapa niseme la afya kwa uzito wake. Ninawaandikia watu wazima. Kutoshusha moshi mapafuni hakukifanyi kiko kuwa salama. Tumbaku ya kiko nayo inahusishwa na saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na nikotini yake inafunga mtu vilevile. Ambaye hajaanza hana anachokosa.

Kiko kikishaanza kukoroma katikati, usipulize ndani, maana utalowesha tumbaku iliyobaki. Chukua ule waya laini uliovikwa nyuzi, upitishe kwenye shilamu mpaka chini ya bori, usubiri kidogo waya unyonye maji, kisha uutoe. Shilamu usiichomoe kiko kikiwa cha moto. Mti na mpira wa shilamu vimetanuka, na ukinyonga wakati huo ulimi wa shilamu, ile ncha inayoingia shingoni, hulegea au hukatika kabisa. Nusu ya kazi ninazoletewa ni hizo.

Kama umekausha, unavuta taratibu na bado kinalia, lawama ni ya kiko. Mara nyingi ulimi wa shilamu ni mfupi kuliko shimo lake, ukabaki uwazi shingoni. Moshi ukifika pale unazunguka, unapoa na kuacha maji. Fundi anaweza kuurekebisha. Wapo waliouchukua uwazi huo na kuutumia kwa makusudi: Peterson wa Dublin alipata hataza mwaka 1890 kwa kiko chenye kisima kidogo shingoni cha kupokea maji kabla hayajafika mdomoni. Ni ubunifu ninaouheshimu sana. Vichujio vya mkaa vya milimita 9 navyo hunyonya maji, ila mwanafunzi akivitegemea hatasikia kosa la mkono wake, na kichujio kilicholowa huziba pumzi.

Kwa kuanzia ningechagua kiko cha gunzi la mahindi, kama vile vinavyotengenezwa Missouri, Marekani, tangu mwaka 1869. Ni chepesi, bei yake si ya kutisha, na gunzi lenyewe linanyonya unyevu. Mti wa briari, unaotoka kwenye fundo la shina la kichaka cha pwani za Mediterania, ni mgumu na unastahimili moto, lakini hauna haraka ya kukauka.

Na kukauka ndiko kunakosahaulika. Ukimaliza, acha kiko kipoe, mwaga majivu, futa bori kwa karatasi, chomoa shilamu na pitisha waya mpaka utoke msafi. Kipumzishe siku nzima kabla ya kukijaza tena, na masika siku mbili. Kisikae kwenye mfuko wa nailoni wala droo iliyofungwa. Kwa unyevu wa huku kitaota ukungu ndani ya bori. Kikishaota, kwangua, sugua kwa kitambaa chenye spiriti kali isiyo na rangi, ile inayofaa kunywewa, kisha kiache mahali penye hewa bila jua kali. Kinuse kabla ya kukijaza. Harufu ya uvundo ikiwa bado ipo, rudia.