Kabla hujamwita fundi akufungie sailensa kwa bunduki ya babu

Juzi kijana mmoja kutoka pande za Hindi alikuja kunitafuta hapa makumbusho Lamu, akangoja mpaka wageni waliokuwa wanatembezwa watoke, ndo akatoa simu. "Shikamoo ami, hebu niangalizie hii picha." Ilikuwa bunduki ndefu ya mbao na chuma imelazwa kwenye mkeka, vumbi la dari bado limeiganda, nami nikaikuza picha polepole mpaka nikafika pale kwenye chuma cha shingo, chini ya mkono wa kukokea, nikaona alama ya taji, herufi GR, neno Enfield, na mwaka 1917. Lee-Enfield ya Mwingereza hiyo, risasi yake ni ile ya .303, bunduki waliyoshika wanajeshi wa Keya, lile jeshi la mkoloni la King's African Rifles, miaka na miaka.

Swali lake sasa. "Ami, hii naeza kuifunga sailensa?" Akaeleza kwamba nguruwe mwitu na nyani wamemmalizia muhogo shambani, na anaogopa mlio manake tangu lile shambulio la Mpeketoni 2014 ukilia mlio usiku kijiji kizima hakilali tena, watoto wanalia na askari wanakuja. Kuna fundi wa kuchomelea alishamwambia alete bomba tu atamtengenezea. Namuelewa sana kijana huyu, hasira ya kuamka ukakuta shamba limefukuliwa siyo kitu kidogo, lakini nilimuomba aketi na nikamueleza kwa kirefu, na kwa sababu swali hili nishaulizwa zaidi ya mara moja nimeona niliandike hapa wengi walisome.

Kwanza jueni sailensa ni kitu gani. Aliyeileta sokoni ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, hati yake ya uvumbuzi alipewa 1909, na huyu ni mtoto wa yule Hiram Maxim aliyetengeneza bunduki ya rashasha 1884, hiyohiyo Maxim iliyopiga watu wetu Afrika nzima. Baba kaleta kelele, mtoto kaja kuipunguza. Ndani ya sailensa mna vyumba vidogovidogo vilivyopangwa, gesi ya moto inayotoka mtutuni badala ya kulipuka hewani kwa mara moja inazungushwa mle ndani, inapoa, inapungua nguvu, ndo inatoka. Ekzosi ya pikipiki inafanya kazi kwa mtindo huohuo, na kampuni ya Maxim baadaye ilihamia kutengeneza sailensa za mashine na mitambo.

Lakini hapo kuna jambo ambalo sinema haziwaambii, kwamba bunduki ina milio miwili. Mmoja ni wa gesi mdomoni pa mtutu, huo ndo sailensa inapunguza. Wa pili ni wa risasi yenyewe ikipasua hewa. Risasi ya .303 inatoka kwa mwendo wa kama mita 740 kwa sekunde, na sauti kwa joto letu la pwani inakwenda kama mita 350 tu, yani risasi inaikimbia sauti mara mbili zaidi. Kaa pale gatini uangalie boti ya faiba ikipita mbio, boti yenyewe ishafika mbali kule, halafu ndo unaona wimbi linakuja kupiga ukuta, paa! Risasi nayo inaburuta wimbi lake hewani hivyohivyo, kila mahali inapopita watu wanasikia kishindo, na hakuna bomba lolote la kufunga mdomoni litakaloondoa hicho kwa sababu hakitoki mdomoni. Kwa hivyo kijiji kingeamka vilevile.

Hesabu nayo iko wazi. Bunduki ya aina hii mlio wake unafika karibu desibeli 160, na sailensa nzuri ya kiwandani inapunguza kama 20 mpaka 35. Piga mwenyewe, unabaki na 125 mpaka 140, kelele ya kuumiza sikio bado. Mlio wa ghafla ukipita desibeli 140 unaweza kuua usikivu kwa mara moja tu, bila kurudi, na wazee wengi waliopita jeshini ukiongea nao lazima uende sikio la upande mmoja, au wanakwambia sikio linavuma usiku kucha kama limefunikwa na kombe la baharini.

Waingereza wenyewe wakati wa vita vya pili walipotaka Lee-Enfield isiyosikika ilibidi waibomoe karibu yote. Hiyo inaitwa De Lisle, walitoa mtutu wakaweka mwingine wa risasi nene ya bastola inayokwenda polepole kuliko sauti, na sailensa kubwa imefunika mtutu mzima tangu mwanzo. Hizo zilitengenezwa chache sana, na ilikuwa kazi ya wahandisi na mashine za kiwandani, sembuse fundi wa mageti.

Na hapa ndo nataka mnisikilize kwa makini manake hapa watu hufa. Bunduki hii ya 1917 mtutu wake umeishia sawasawa na kile kifuniko cha chuma cha mbele, hakuna hata pa kushikia kitu, lazima mbao ikatwe na chuma kikatwe. Tena mitutu ya vita tundu lake pengine halikukaa katikati barabara, ukiangalia kwa macho huoni kitu, na bomba likifungwa likapinda hata kidogo tu risasi inagonga kuta za ndani, bomba linapasuka karibu na uso wako. Moto wa kuchomelea nao unaharibu ugumu wa chuma, chuma kinabaki kinang'aa lakini kishakufa. Halafu fikiria miaka mia na zaidi ya upepo wa bahari. Risasi za zamani fataki zake, zile za kuwashia baruti, zinaacha chumvi ndani ya mtutu, ni chumvi ya jamii moja na ya hii bahari, inavuta unyevu hewani na kula chuma kutokea ndani, ndo maana askari wa zamani walifundishwa kumwaga maji ya moto mtutuni kabla ya kutia mafuta. Na mafuta ya nazi jamani, nawaomba, siyo ya chuma! Yanachacha, yanafanya asidi na kushika vumbi. Nimeona panga na bunduki ngapi za familia zimeliwa na mafuta ya nazi yaliyopakwa kwa mapenzi tu.

Sheria sitarefusha. Kenya, Sheria ya Silaha Sura ya 114 inataka cheti kwa kila bunduki, na kile kifaa cha kupunguza mlio au mwako sheria inakihesabu nacho kama silaha, kwa hivyo ukifunga bomba unaongeza kosa juu ya kosa na fundi wako umemtia ndani pia. Uwindaji nao ulipigwa marufuku 1977, nguruwe na nyani ni kazi ya KWS, shirika la wanyamapori, wapigieni, na mkiharibiwa mazao muandikishe hasara yenu mapema kabla alama za nyayo hazijafutika.

Kijana akaniuliza sasa afanye nini. Nilimwambia usiiguse tena, usijaribu kuikoki uone kama inafanya kazi, usiitie kwenye gunia ukapanda nayo boda au mashua, mpigie chifu au OCS, mkuu wa kituo cha polisi, waje waichukue ilipo, na kama kuna risasi zimebaki waambie kabla hawajaingia, risasi za zamani hazitabiriki. Na huku kwetu makumbusho lete kile kisichoua, barua, medali, picha ya babu na sare, kitabu cha malipo.

Akanyamaza, akasema bibi yake yu hai, na yeye ndo aliyeificha darini. Nikamwambia bas mwanangu, leo jioni kabla ya kumpigia chifu kaa na bibi, washa simu irekodi, umuulize babu aliondoka lini, kwa mashua ya nani, na alirudi vipi. Wiki iliyofuata alinitumia sauti ya dakika arubaini. Bibi anasema mumewe alipotoka Keya alikuwa hasikii sikio la kulia, na yeye miaka yote alilala upande wa kushoto ili akimuita usiku asikie.